Siku Niliyokataa Kufuta

Nakumbuka siku moja mtambo wa simu wa Tunduma ulipoanguka mchana kweupe, malori yamejipanga mpaka mpakani na kila mtu ana haja ya kupiga simu. Mwanangu, fundi wa zamu nilikuwa mimi, binti pekee katika ofisi ile. Mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aligonga dirisha, akaniita kwa heshima ya kwao: "Mukwai, simu imekufa tena?" Ndiyo, ilikuwa imekufa tena.

Anguko la kwanza, kabla ya siku ile, halikuacha alama yoyote. Mtambo ule, ukizimika ghafla, unaweza kuandika kwenye diski yote uliyokuwa nayo kichwani, yaani kwenye kumbukumbu yake, wakati ule, lakini mafundi waliousimika hawakuutengea nafasi kwenye diski. Basi mkuu wetu wa kituo akamtwika lawama Simbeye, fundi mwenzangu mpole, eti amechezea kadi za ndani ya mtambo. Akamsimamisha kazi, naye akarudi kwao Ivuna. Mimi roho ilikataa. Nikautengea mtambo nafasi, kisha alfajiri moja, wateja wakiwa wachache, nikauangusha makusudi, nikaona kwa macho yangu kwamba umeandika mpaka mwisho. Kupanga bila kuhakiki ni kulala mlango wazi.

Basi mchana ule wa malori mtambo ulipoanguka, ukaandika yote kwenye diski, kisha ukajiwasha wenyewe. Mkuu akaja mbio.

"Futa hayo madude yaliyojaza diski," akasema.

"Sifuti, bosi."

"Unasemaje wewe binti?"

"Sifuti. Humo ndimo lilimo jibu. Simbeye yuko Ivuna leo; mtambo huu ameuangushaje?"

Akaapa atanihamisha. Nikabaki kwenye kiti changu, mbele ya kibodi. Nikalikagua faili ambalo mtambo uliliandika: limekamilika, halikukatika. Nikalinakili kwenye kanda, nikalituma kwa wahandisi wa makao makuu.

Jibu lilipokuja, kumbe ni programu mpya ya mtambo, ambayo mkuu mwenyewe aliharakisha kuiingiza bila kuijaribu. Ndiyo iliyokuwa ikila kumbukumbu ya mtambo mpaka unaanguka. Simbeye akarudishwa kazini. Alinishika mikono yote miwili. Mimi nikahamishwa kweli, wala hakuna aliyeniomba radhi. Nilipanda gari kichwa juu.

Mwanangu, watakuambia mkubwa hakosei. Usikubali. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Ukiamriwa kufuta jambo, uliza kwanza ni nani atakayefutika nalo. Usitukane, usipige kelele. Kaa kwenye kiti chako, sema hapana, na uwe tayari kulipia hapana yako. Tena usingoje anguko ndipo utafute ushahidi. Uandae mapema, uukague, maana ushahidi nusu humsaidia mwongo.

Mungu akupe shingo isiyoinamia uongo, akupe na wenzako wa kukataa pamoja nawe. Amina.