Fundi Cherehani Anatafuta Mutu wa Ine

Fundi cherehani jirani yangu, kila akitaka kusema, anatoa kwanza pini mudomoni. Miezi mitatu alitafuta watu wane wa muchezo wake wa mezani, wa kete na kujifanya watu wengine. Alipata watatu, akanijia mi: «Mama, ukikataa hatuanzi.» Bon, nikaketi, lakini nilimwambia mi si mutoto.

Akatoa pini, sauti ikakuwa nzito: «Mumefika kwenye mulango wa mufalme. Mama, askari anauliza, we ni nani?» Mi nikatoa kitambulisho changu, kama kila siku nikivuka mupaka pale Grande Barrière. Wale watatu wakacheka mpaka machozi. Fundi hakucheka. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama mbele na nyuma, akanirudishia.

«Pita, mama. Na nyinyi munaocheka, karatasi zenu iko wapi?»