Bomba Lililozungushwa kwa Mkono

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, cheti changu kikiwa kwenye bahasha, na mama alinipigia pasi sketi ya bluu kwa sababu aliamini mtu anayeanza kazi lazima apendeze. Mkuu wa Karakana pale Tarime, mzee wa asili ya Tanga aliyeitwa Mzee Athumani, alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa. Nilijua atanirudisha nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sketi yako nzuri, ivae kanisani. Hapa kuna vitu vinazunguka, na vikishika nguo haviachii. Kachukue ovaroli, na mikono yake uifunge vizuri."

Hakuzungumzia uanamke wangu siku ile, wala miaka yote niliyokaa chini yake. Alinifundisha kufungua injini na kuifunga tena bila kubakiza hata nati moja mezani, na kuchomelea chuma kikashika. Siku moja, tukiwa tumeinamia mashine ya kupukuchua mahindi, aliniambia: "Bhoke, ukiona kazi inamlazimu mtu apeleke mkono karibu na kitu kinachozunguka, ujue fundi hajamaliza kazi yake. Hata kama mashine imetoka kiwandani jana."

Nawaandikia ninyi mnaoshika spana leo, na sitajifanya nimetulia. Nimestaafu, nalima migomba yangu hapa Nyamwaga, lakini hasira ninayo bado.

Mzee Athumani alipostaafu, nilihamishiwa shamba moja la ng'ombe upande wa Mbalibali, wilaya ya Serengeti, nikiwa fundi mkuu wa matrekta. Shamba lilikuwa na mashine ya kukata malisho. Inakokotwa na trekta. Visu vyake vinakata mabua mabichi ya mahindi vipande vidogo, kisha feni inavirusha juu kupitia bomba refu lililopinda shingo, vikaangukia kwenye tela linaloenda sambamba nayo. Nguvu yote inatoka kwenye shafti ya nyuma ya trekta, ile tunayoiita pitio. Kiwandani huvikwa kava la plastiki lisilozunguka, ili mtu akiigusa asinaswe. Kava la shafti yetu lilikuwa limepasuka na kutupwa kabla sijafika.

Shida ilikuwa lile bomba. Trekta likikata kona, lazima bomba ligeuzwe kufuata tela, la sivyo malisho yanamwagika chini. Lilikuwa na hendeli ya kuzungusha kwa mkono, na hendeli yenyewe ilikaa hatua moja tu kutoka kwenye shafti. Kitabu cha mashine kilieleza wazi: dereva asimamishe, azime shafti, ashuke, ageuze bomba, apande tena. Meneja wa Shamba hakutaka kusikia habari ya kuzima. Akamweka mtu asimame pale mbele ya mashine, ikiwa inanguruma, azungushe hendeli kutwa nzima.

Mtu huyo aliitwa Marwa, mwenyeji wa Ringwani, baba wa watoto wanne. Alisimama juu ya chuma cha kuvutia mashine kama mtu aliyesimama kwenye ukingo wa kisima, mguu mmoja huku, mwingine kule. Kwenye mashimo ulimsikia akimpigia dereva kelele, "Mura, punguza! Punguza!" (mura ni kijana kwa lugha ya kwetu). Nilipomuuliza kama haogopi, alicheka.

"Dada, naogopa kila siku. Lakini nikikataa mimi, ataitwa mwingine."

Nilikwenda kwa Meneja. Nilimweleza kwamba nyuma ya karakana kuna lori bovu, na mota ya waipa zake bado ni nzima. Nitaifunga chini ya bomba, niiunganishe na gia kubwa ya baiskeli kwa mnyororo, na swichi nitaiweka karibu na usukani. Dereva atageuza bomba akiwa amekaa. Nikaomba na kava jipya la shafti.

"Nahitaji siku tatu tu na kibali chako, bwana Meneja."

"Mama Fundi, mashine hii imebuniwa na wahandisi. Wewe unajua kuliko wao?"

"Wahandisi hawakumweka mtu pale. Tumemweka sisi."

"Msimu wa kuvuna hauna siku tatu. Rudi karakana."

Niliandika barua ya kuomba hayo yote, kava pia. Ilirudi ikiwa na neno moja la wino mwekundu: Haiwezekani. Msimu uliofuata niliandika nyingine. Ikarudi na neno lilelile. Zote mbili nilionyeshwa tu jibu, kisha zikarudishwa kwenye faili ofisini kwake.

Asubuhi moja kulikuwa na manyunyu, na Marwa alivaa koti refu la mvua. Mimi nilikuwa karakana. Nilisikia mlio wa trekta ukishuka ghafla kama injini iliyobebeshwa mzigo mzito, kisha ukazimika. Nilijua kabla sijaanza kukimbia. Nilimkuta amekaa chini, uso umekuwa rangi ya majivu, dereva akiushika mkono wake wa kushoto juu ya kiwiko kwa mikono yote miwili, akimwita jina. Shafti ilikuwa imeviringisha koti mpaka begani. Tulimpakia kwenye pikapu ya shamba tukamkimbiza hospitali Mugumu. Madaktari waliokoa maisha yake. Mkono haukuokoka.

Siku ya pili yake Meneja aliniita. Taarifa ya ajali ilikuwa mezani, imeshapigwa chapa. Chanzo: uzembe wa mfanyakazi, ambaye alisogelea shafti akiwa na vazi lisilofaa.

"Tia saini hapa kama fundi mkuu."

"Hakuisogelea. Aliwekwa pale."

"Basi nitaandika kwamba fundi mkuu alishindwa kutunza kava la shafti. Chagua."

"Kava niliomba mara mbili!"

"Uliomba? Una karatasi?"

Alijua karatasi ziko wapi. Kabati lilikuwa nyuma ya kiti chake na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Nilikuwa na watoto wanaosoma. Nilitia saini. Kwa taarifa ile Marwa aliachishwa kazi akiwa bado kitandani.

Wiki hiyohiyo niliifunga ile mota bila kuomba kibali cha mtu. Mafundi wataelewa kilichonisumbua: mota ya waipa hupitisha umeme kwenye mwili wake wa chuma, kwa hiyo ukigeuza nyaya ili izunguke kinyume, fyuzi inaungua. Niliitenga na chuma cha mashine kwa kipande cha tairi, na boliti nikazivika mpira wa mabomba ya maji. Nikatumia swichi ya miguu sita, inayobadilisha nyaya kwa kubonyezwa huku au kule. Dereva alibonyeza, bomba likageuka kulia. Akabonyeza tena, likarudi kushoto. Polepole, bila mtu yeyote kusimama pale mbele. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikwenda nyuma ya karakana nikalia kwa hasira, kwa sababu kazi yote ilichukua siku mbili na nusu.

Baadaye alikuja Mkaguzi wa usalama kazini, mama mmoja mpole mwenye miwani. Meneja alimpeleka moja kwa moja kwenye mashine. "Sisi kama uongozi tuliliona tatizo hili mapema," alisema, "tukamwelekeza fundi wetu aweke mota."

Nikasogea mbele yake.

"Mapema lini?" niliuliza. "Mkaguzi, fungua kabati lililo nyuma ya kiti chake. Barua zangu mbili zimo, na wino wake mwekundu. Na taarifa ya ajali ni ya uongo. Saini yangu ipo, na nilipoitia nilijua ni uongo."

Meneja alinitazama kama hanijui. Mkaguzi hakupandisha sauti. Aliomba ufunguo tu. Taarifa mpya iliandikwa: chanzo ni shafti isiyo na kava, na amri ya uongozi ya kufanya kazi bila kuzima mashine. Nilipewa onyo kwa saini yangu, na nilistahili. Meneja alihamishwa. Kwenda wapi? Shamba kubwa zaidi, na nyumba nzuri zaidi! Lakini nilijituliza kwamba jina la Marwa limesafishwa.

Miaka ikapita. Mwezi niliostaafu, nilikutana na Nyangi, mke wa Marwa, sokoni Mugumu. Tukasalimiana. Nikamwambia natumaini ile taarifa mpya iliwasaidia.

"Taarifa gani, dada?"

Hakuna aliyewapelekea! Iliwekwa kwenye faili, faili likawekwa kabatini, na kule Ringwani Marwa aliendelea kuitwa mzembe aliyejikata mkono mwenyewe. Na mimi, niliyekuwa na miguu miwili na nauli, sikuwahi kwenda kumuuliza. Niliona haya kumtazama usoni, nikaiita haya hiyo kazi nyingi.

Nilirudi shambani nikadai nakala za taarifa zote mbili, na sikuondoka mlangoni mpaka nilipopewa. Kesho yake nilikuwa Ringwani. Marwa alikuwa akifunga zizi kwa mkono mmoja na meno. Alinisikiliza nikieleza yote, na saini pia.

"Kumbe ulitia saini," alisema.

"Nilitia."

Hakunitukana. Alimwita Nyangi, akawaita majirani waliokuwa karibu, kisha akaingia ndani akamtoa baba yake, mzee sana, akamkalisha kwenye kigoda karibu yangu.

"Soma zote mbili," aliniambia. "Anza na ile ya uongo, na jina la aliyetia saini ulisome. Usome kwa sauti, baba hasikii vizuri."

Nikasimama, nikaanza na jina langu.