Kofia Kwenye Komeo la Tanuri

Nakumbuka siku moja ya mvua, miaka ya tisini, na mpaka leo nikiiwaza viganja vinanitoka jasho. Mwanangu, maadamu umepata kazi kwenye mashine za mbao, keti kwanza nikusimulie.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtunza tanuri la kukaushia mbao pale Migori mjini. Usidhani ni tanuri la mkate. Lilikuwa chumba cha matofali, kirefu kama darasa, chenye mlango wa chuma unaofungwa kwa nje. Tulijaza mbao mbichi za mkaratusi kutoka Ntimaru, tukafunga, kisha mvuke wa moto ukapita kwenye mabomba na feni kubwa zikaeneza joto siku nyingi, hadi mbao zikauke bila kupinda. Feni zile zikianza kunguruma, humsikii hata aliye kando yako.

Desturi yetu ilikuwa moja: anayeingia ndani hutundika kofia yake kwenye komeo. Ukiona kofia, hufungi. Lakini mlango ule ulipakana na jiko la kuchemshia mvuke, haukosi joto, na sisi kwa uvivu wetu tukazoea kuanika hapo kila kilicholoa.

Kwenye saa tano asubuhi nilikuta kofia imelowa chepechepe. Nikasema moyoni, huyu naye ameanika. Nikaitupa kwenye benchi, nikachungulia, nikaona mbao tu, nikapiga komeo. Mzee Nyamohanga, mchochea moto wetu, Mkuria wa maneno machache, akaniuliza, "Umeita walio ndani?"

"Nimeita, mzee."

Sikuwa nimeita. Nilikuwa na haraka tu, basi; naye akafungulia mvuke na kuwasha feni.

Saa saba tuliketi kula nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yetu ya kila siku. Sahani moja ikabaki. Ilikuwa ya Odhiambo wa Lambwe, mpanga mbao na rafiki yangu, ambaye mkewe alikuwa amejifungua wiki ileile.

"Omera, ndugu yangu, Odhiambo ako wapi?" mwenzetu mmoja akauliza. "Si aliingia kunyoosha mbao huko nyuma?"

Mwanangu, niligeuka nyuma. Niliiona ile kofia pale kwenye benchi.

Nilikimbia. Komeo liliniunguza, wala sikuhisi. Mvuke ukatupiga usoni. Odhiambo alikuwa amelala kifudifudi, mdomo ameubandika kwenye upenyo wa chini ya mlango, ngumi zimechubuka kwa kugonga. Tukamburuta hadi kwenye mvua. Hakutikisika. Niliogopa hata kumgusa. Nilimfikiria mkewe na yule mtoto mchanga, nikawaza nitakwenda kuwaambia nini. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akakohoa.

Tanuri lilipopoa, Mzee Nyamohanga akaniambia, "Ingia." Nikaingia. Akafunga, akawasha feni. Lilikuwa giza tupu. Niligonga, nikapiga kelele mpaka koo likauma, na sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Alipofungua nilikuwa nalia, sikuficha.

"Hiyo ni dakika mbili tu," akasema. "Odhiambo alikaa masaa mbili. Na wewe uliniambia umeita."

Hakunigusia tena jambo hilo. Odhiambo naye alinisamehe kabla vidonda vya mikono havijapona. Mimi ndiye niliyechelewa kujisamehe.

Basi sikia. Alama ya kulinda uhai wa mtu msiigeuze kamba ya kuanikia nguo. Usifunge mlango kwa kuamini macho yako. Ita kila mmoja kwa jina, usubiri aitike, hata wakikucheka. Na ukiulizwa kama umefanya jambo ambalo hukulifanya, sema hapana. Utaona haya kidogo, kisha utarudi ulifanye.

Nenda salama, mwanangu. Mungu ailinde mikono yako, na kila chumba utakachoingia, nje awepo mtu anayelijua jina lako, aliite kabla ya kufunga.