Bandari ya Watu Wasio na Bahari

Nakumbuka alasiri moja ya Jumapili huko Durban, mwanangu, mji mzima ulikuwa umeshuka ufukweni na jamaa zake, na mimi nimeketi peke yangu mbele ya kompyuta ya kukodi, nimevaa hedifoni zilizochanika sponji, natembea katika mji ambao haupo. Ulikuwa mji wa theluji, ndani ya mchezo wa kompyuta, nami nilikuwa tarishi wa posta. Ukibisha hodi, mtu anafungua, anakutazama usoni, anakusalimia. Usinicheke. Ndiyo salamu pekee niliyoipata siku ile.

Nilikuwa bado kijana, ingawa wenzangu wa rika walikwisha kuoa. Shule niliiacha darasa la tano, na kilichonitoa darasani si ujinga, ni miguu. Nilizaliwa Kigoma. Nikapanda meli ya ziwani hadi Mpulungu, nikashuka Lusaka, nikakaa Harare, mwisho nikajikuta Durban. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Mimi yangu niliila hadi magotini.

Kila mji ulinipa jina lake. Mpulungu waliniita Kigoma. Lusaka waliniita Tanzania. Durban, kwa sababu nilishuka kwenye basi na mfuko ulioandikwa Lusaka, wakaniita Zambia. Sikumsahihisha mtu. Niliona raha, kwa kuwa mtu asiyejulikana hang'ang'aniwi, na akitaka kuondoka anaondoka, hakuna wa kumwita nyuma.

Siku za kazi nilikuwa kiwandani, mtaa wa viwanda wa Jacobs, nikipakia makopo ya rangi. Chumba nilishirikiana na Papa Kabeya, kinyozi wa Lubumbashi, mgane mwenye mvi, aliyekodi kiti katika saluni ya Wakongo mjini. Pazia moja liligawa chumba chetu. Yeye alikuwa mtu wa kuuliza, nami mtu wa kukwepa.

"Zambia, kwenu munakulaka nini?"

"Ugali, Papa."

"Dunia yote inakula ugali! Weye ni kama polisi ya siri. Minakuuliza, unanijibu hewa."

Basi, nilipoumaliza ule mchezo wa tarishi nilitaka kumjua aliyeutengeneza. Huo ndio ugonjwa wangu hadi leo: nikiona kitu, silali mpaka nijue nani aligonga msumari wa kwanza. Nikautafuta ukurasa wa studio yao kwenye mtandao. Ilikuwa studio ndogo ya Ucheki, na pale wachezaji wa nchi mbalimbali waliandikiana na wafanyakazi wenyewe. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, nikauliza nani alichora zile nyumba. Akajibu mtu aitwaye Radek, Kiingereza chake kibovu kama changu. "Mimi. Kwa nini? Kuna moja imeanguka?"

Tukawa marafiki, kama inawezekana kuuita hivyo urafiki wa watu wasioonana. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za studio yao, kidogo kidogo, kama mtu anayekugawia njugu. Walianza marafiki wachache, baada ya utawala wa zamani wa kwao kuanguka na kompyuta kuanza kuingia majumbani. Walipanga chumba juu ya duka la mikate. Joto la tanuri lilipanda kupitia sakafuni, kwa hiyo wakati wa baridi walifanya kazi bila viatu, na mama mwenye duka aliwapandishia mikate iliyobaki. Mchezo wa kwanza haukununuliwa. Wa pili ndio wa tarishi, ukapendwa hadi ng'ambo, na ng'ambo hiyohiyo ikatokea kampuni kubwa ikainunua studio na kuihamishia jengo la vioo. "Hapa ni pazuri," Radek aliniandikia, "lakini kila mtu anavaa viatu."

Mchezo wa tatu ulihusu bandari. Na Wacheki, mwanangu, hawana bahari. Radek alikuwa amechora meli kwa kutazama picha tu, na picha haina harufu. Siku moja akauliza mbele ya wote: kuna mtu anayeishi karibu na bandari? Nikajibu kabla mwingine hajasoma.

Tangu hapo miguu yangu ikapata kazi. Baada ya kiwanda nilikwenda mlango wa bandari, pale ambapo meli kubwa hupita karibu hata unaona baharia anapiga mswaki. Radek alikuwa ameniuliza kamba ya meli ikivutwa inalia vipi. Nikasimama nikasikiliza, nikamwandikia: inalia kama mlango mkuukuu ambao mtu anaufungua taratibu asiwaamshe wenye nyumba. Akauliza maji yana rangi gani asubuhi. Rangi ya chai iliyomwagikiwa mafuta ya taa. Akauliza mfungaji kamba anasimamaje. Nikamwambia haitazami kamba, anatazama mtu wa pili. Akauliza baharia akishuka, kitu cha kwanza ananunua nini. Alidhani nitasema pombe. Nikamwambia vocha ya simu.

Nilikuwa na furaha, nakiri. Ila ilikuwa furaha ya mtu mmoja. Njiani kurudi nilipita saluni ya Papa Kabeya, nikaona watu wanacheka ndani, nikapita. Kombe la Dunia lilipokuja, mji ukajaa mapembe na vifijo. Mimi nilikuwa namwelezea mtu wa Ucheki jinsi sauti za mji zinavyofika majini.

Kisha Radek akaniomba jina langu.

Studio yao ilikuwa na desturi. Mchezo ukiisha, majina ya wote waliotia mkono hupita kwenye kioo, majina kamili, hata la mama wa mikate. Lakabu hawakuikubali. Mmoja wa waanzilishi alikuwa na mama mfasiri wa vitabu vya watoto. Utawala wa zamani ulimpiga marufuku. Akaendelea kufasiri kwa siri, na vitabu vikatoka kwa jina la jirani. Mwanawe alikua akisomewa kitandani kazi ya mama yake iliyoandikwa jina la mtu mwingine. Ndipo akaapa kwamba kwake hilo halitatokea.

Nikamwandikia Radek: weka Zambia.

Akajibu: "Hiyo ni nchi."

Utashangaa kwa nini nilisita. Mwanangu, jina langu lilikuwa limejaa watu. Ndani yake mlikuwa na baba, mlikuwa na babu, mlikuwa na mama niliyemwacha bila kuaga. Kuliandika ni kukubali kutafutwa, na mimi nilikuwa nimezoea kuwa mtu wa kupita. Nikakaa na swali hilo hadi likaanza kunikondesha.

Jumamosi nikaenda kunyolewa. Nikiwa na taulo shingoni nikamweleza Papa Kabeya habari yote, nikitarajia atacheka tu. Akazima mashine.

"Kumbe Zambia haiko jina yako?"

"Siyo, Papa."

"Na weye haiko mutu ya Zambia?"

"Siyo."

Akanigeuza na kiti chake tukatazamana. "Petit, sikia. Jina baba anakupatiaka uibebe, hapana uifiche. Tunalala chumba moya miaka hii yote. Ukikufa leo mu hii kiti, minapigia nani simu? Minaita balozi ya Zambia ikuje kukubeba?"

"Na watamukatala!" akadakia kinyozi wa kiti cha pili, saluni nzima ikaangua kicheko.

Nami, badala ya kusikia ukweli, nikasikia kicheko. Nikaondoka nikiwa nimenyolewa upande mmoja. Kwa hasira sikwenda bandarini, wala kwenye kompyuta, siku nyingi. Nilijiambia watanisubiri. Kijana hudhani dunia ikimhitaji itakaa mlangoni mwake.

Nilipofungua tena, nilikuta ujumbe wa Radek umenisubiri na kuchoka. Wenye kampuni walikuwa wamekosa subira. Waliagiza mchezo umaliziwe ulipofika, na baada yake studio ifungwe. Orodha ya majina ingefungwa Ijumaa. "Nipe jina," aliandika, na chini yake tena, "Tafadhali, jina lako." Ijumaa ilikwisha kupita. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nami wangu nilimkuta kwenye bandari ya watu wengine.

Mchezo ulipotoka nilikwenda kuucheza kwenye kompyuta ileile ya kukodi. Nikaitembea ile bandari. Maji yalikuwa rangi ya chai. Meli ikaingia, kamba ikalia kama mlango, na mfungaji kamba hakuitazama, alimtazama mwenzake. Machozi yakanitoka. Mwanafunzi mmoja wa Kizulu aliyekaa pembeni akanitazama.

"Eish, bhuti, unalilia mchezo?"

"Ile kamba ni yangu," nikamwambia.

Akaitazama kamba, akanitazama mimi. "Sharp," akasema, yaani sawa, akarudi kwenye mambo yake. Mwishoni majina yakapita. Mama wa mikate alikuwamo. Radek alikuwamo, na ndipo kwa mara ya kwanza nikalijua jina la ukoo wake. Yeye langu hakupata kulijua. Ukurasa wao ulifungwa muda si mrefu. Ujumbe wake wa mwisho ulisema kila mtu ameruhusiwa kuondoka na kiti chake, wenzake wawili wanatafuta chumba kidogo waanze upya, na yeye amepata kazi ya kuchora makabati ya jikoni.

Jioni ile nilisimama upande wangu wa pazia.

"Papa," nikasema, "mimi naitwa Issa."

Pazia likasogea. Papa Kabeya hakucheka safari hii. "Issa ya nani?"

"Issa Ruhaga. Wa Gungu, Kigoma."

"Iko na mama?"

"Nilimwacha hai."

"Alors, iko namba?"

"Sina."

"Batu ya Kigoma ni bengi huku Durban. Tutauliza." Akavaa viatu.

Tukauliza. Mtanzania mmoja muuza nguo alimjua mtu aliyemjua shemeji yangu, na namba ikapatikana. Papa Kabeya alinipa simu yake, sauti imefunguliwa, nami nikaongea. Akapokea mwanamke, "Nani mwenzangu?" Nikasema, "Issa." Kisha nikasikia simu inawekwa mezani, na watu wanaitwa kwa sauti kutoka uani. Mama akaja akihema. Hakunilaumu. Aliniuliza nakula nini, nalala wapi, halafu akaniuliza, "Na huko, mwanangu, wanakuitaje?"

Nikamtazama mwenye simu. Papa Kabeya akaichukua simu mkononi mwangu, akasema kwa sauti kubwa, kama watu wasemavyo na mbali: "Mama, huku tunamuita Issa."

Sasa nisikilize, mwanangu unayetaka kuondoka. Sikukatazi kutembea, mimi nitamkataza nani? Kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini ukifika mahali, taja jina lako siku ya kwanza, ulitaje lote, hata kama hukusudii kukaa. Umuulize na mwenzako lake, umuulize na la mamaye. Upweke hauanzi kwa kukosa watu. Nilikuwa na mtu nyuma ya pazia, tena mwenye maswali. Upweke huanza pale unapoona nafuu kutojulikana, na ukishaizoea nafuu hiyo, hata mtu akikuomba jina kwa wema utamwona kama askari. Na ukiona umeulizwa, jibu hukohuko ulikoulizwa, usingoje hasira ipoe, maana milango mingine hufungwa Ijumaa.

Nenda basi. Mungu akupe miguu isiyochoka na mahali pa kuipumzisha. Akujalie kazi ambayo utaionea fahari, na mtu wa karibu wa kumwonyesha. Na popote utakapolala, awepo mmoja wa kukuita asubuhi kwa jina ulilopewa na wazazi wako, nawe uwe hai, uitike. Amina.