Jua Mgongoni Kutwa

Asubuhi hiyo niliamka Nyahanga bila mpango. Nilisikia tu kuwa upande wa Ushirombo, magharibi, kuna dhahabu. Mama Kabula aliyenipa kitanda usiku ule alinishauri nisubiri lori la ushirika. Nikacheka.

"Mama, nimefika darasa la nne. Jua hutoka mashariki. Nikiliweka mgongoni, nimeelekea magharibi. Kitanda mpe mwingine."

Nikakata mbugani. Mchana nilikula michembe, vile viazi vikavu alivyonifungia, nikasinzia kivulini. Nilipoamka nikaliweka jua mgongoni tena, nikaenda zangu nikipiga miluzi.

Jioni nikatokezea katika shamba la pamba, nyuma ya nyumba moja. Mwanamke alikuwa amenipa mgongo, ameinama akipepeta mtama.

"Shikamoo mama. Ushirombo bado mbali? Natafuta pa kulala."

"Marahaba. Bado mbali. Umepita njia gani?"

Nikamweleza kwa madaha habari za jua, tangu asubuhi mpaka saa ile.

"Na mchana halikuvuka upande wa pili?"

Akageuka, ungo mkononi. Alikuwa Mama Kabula.

"Ingia, baba," akasema. "Kitanda sikumpa mtu."