Vijiti Saba kwenye Njia ya Kifaru

Siku yangu ya kwanza kazini, Sajini alinipeleka kwenye rundo la mavi akaniamuru nipige magoti. Nilidhani ananichezea kwa ugeni wangu.

"Vunja, uangalie ndani."

Ndani mlikuwa na vipande vya vijiti vilivyokatwa mshazari, kama kwa kisu.

"Ndovu hutafuna ovyo, nyuzinyuzi. Kifaru hukata hivi. Ukikosea hapa, utashinda ukimfuata mnyama mwingine."

Ninyi mnaolala nami chumba hiki cha Najma, hapa Doha, mnanijua kwa geti ninalolinda kule Abu Hamour, na kweli nimelishika miaka mingi. Lakini kazi niliyojifunza kwa magoti ni ile ya kulinda wanyama msituni kwetu Kenya. Kifaru wa msituni humwoni. Tulimaliza mwezi mzima bila kumtia machoni, na bado tulijua alikolala jana. Unyayo wake una vidole vitatu, cha kati kipana, na wayo una mipasuko isiyofanana na ya mwenzake. Tope alilojifutia kwenye gome la mti linakuonyesha kimo chake. Choo chake ni mahali pamoja. Akimaliza huyapiga mavi teke kwa miguu ya nyuma, akaondoka na harufu nyayoni, wengine wajue kapita.

Tulikuwa na mama mmoja na ndama wake. Ndama wa kifaru mweusi hutembea nyuma, kwa hiyo unyayo mdogo hulala juu ya ule mkubwa. Niliwapenda wale wawili kuliko mtu yeyote kambini, wala sioni haya kusema.

Ili kujua kama wamepita, tulilaza vijiti vibichi juu ya njia yao. Kilichovunjika tulikisoma kwa ukavu wa jeraha lake. Sajini alikuwa na sharti moja: jioni kila kijiti kiondolewe.

"Si sisi pekee tunaojua kusoma," alisema.

Wiki moja ya mvua nilishikwa na uvivu. Niliacha vijiti vyangu saba njiani, nikasema nitaviondoa kesho. Nilisema hivyo siku nne. Majangili wakavikuta, wakajua ndiyo njia ya kifaru na pa kungojea. Nilimkuta mama amelala ubavu, pembe zimekatwa. Hatua moja mbele ya mguu wake kulikuwa na kijiti changu, kizima. Nilikaa kwenye tope nikalia.

Sajini hakunigombeza. Alikiokota kile kijiti akakitia mfukoni mwangu. Ripoti yangu kwa Bwana Wodeni, mkuu wa hifadhi, ilisema mvua ilifuta dalili zote, kwa hiyo hatukujua walikoingilia. Sajini aliitia sahihi bila kuniangalia, na hakunituma tena peke yangu. Nilipopata nafasi ya kuja Doha, sikumuaga.

Mwezi huu mkataba wangu unaisha, na umri umenizuia kupewa mwingine. Watu hunipongeza kwa miaka yangu getini. Mimi naona nimelinda geti ambalo hakuna aliyetaka kulivunja, na kile kilichohitaji mlinzi nilikiuza kwa uvivu.

Upepo wa huku hujaza mchanga mbele ya geti, na kila asubuhi mimi hufagia nyayo zilizopita: za madereva, za watoto, hata za paka. Juzi Achieng, askari anayepokea zamu yangu, alinishika mkono.

"Mzee wangu, si klina wa kufagia yuko? Mbona unajichosha na mchanga kila siku?"

Nikamwambia yote. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu. Aliuchukua ufagio mkononi mwangu.

"Na yule mtoto?"

"Alimzunguka mamake mpaka ardhi ikawa uji. Kisha akarudi kwa njia waliyojia, akikanyaga mlemle mwa mamake. Hakujua njia nyingine. Nilimfuata siku tatu, halafu mvua ikarudi."

"Ikafuta nyayo?"

"Safari hii," nikamwambia, "ilifuta kweli."