Mashine ya Mama Fanny Iliyobaki Mwaka 2004

Watu wa Makiso wanamjua Mama Fanny kwa mambo mawili: vidole vyake haviulizi macho vinapoandika, na ukimharakisha anaacha kuandika kabisa, anakutazama mpaka uone haya. Mimi nimeshatazamwa hivyo mara nyingi. Ofisi yangu ya serikali iko mlango wa tatu kutoka kibanda chake cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Tena tunaimba kwaya moja ya parokia, yeye sauti ya pili, mimi besi, mstari wa nyuma, wanakowekwa wanaume wenye sauti nzito na matumbo.

Kwa miaka zaidi ya ishirini alifanya kazi na kompyuta moja, kubwa kama sanduku la samaki wa moshi. Aliiita Muzee. Ndani ya Muzee ndimo zilimokaa nyimbo zetu. Papa Timothée, mwalimu wetu wa kwaya, aliweka humo programu ya kuandika muziki: unapanga noti moja moja kwenye mistari, mashine inazipiga usikie, kisha inachapa karatasi ya kila sauti. Kila Jumanne saa sita mchana alikuja na daftari lake, na Mama Fanny alimwachia meza. Wateja walinung'unika, mwishowe wakazoea.

Miezi yake ya mwisho Papa Timothée alikuja na casque, akaziba nayo masikio ili mtu asisikie anachoandika. Mama Fanny aliona jina la faili tu: Berthe, sauti nne. Berthe ni mke wake. Wimbo ule Papa Timothée hakuwahi kuuchapa, na Mama Fanny hafungui faili ya siri ya mtu. Mwezi wa pili mwaka jana tukamzika, na hapakuwa na mtu aliyeusikia.

Kwetu mwaka ukitimia familia inaondoa matanga: watu wanakula, kwaya inaimba, mjane anavua nguo nyeusi. Wiki mbili kabla ya siku hiyo Mama Berthe alituita nyumbani kwake, mtaa wa Simi-Simi. Ni mzaliwa wa Yanonge, mwanamke asiyesema jambo mara mbili. Alituambia anajua kuna wimbo, mume wake alimnong'oneza kabla ya kufa.

"Miye siko na haraka," alisema. "Siku mutaimba ile wimbo, siku hiyo nitatoa hii nyeusi. Kama hapana, itabakia ku mwili."

Alikuwa amekonda ndani ya ile nguo mpaka mabega yamebaki mifupa.

Mama Fanny alimwahidi karatasi siku ya pili yake. Usiseme kesho kabla hujalala! Asubuhi hiyo umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na Muzee akatoa moshi.

Kompyuta mpya ilikuwepo. Benie, binti yake wa Kinshasa, alikuwa ameituma miezi sita kabla, na mama yake alikuwa ameiacha kwenye katoni chini ya meza, anapumzishia miguu juu yake. Sasa ikabidi itoke. Akaitwa Arsène, fundi wa kompyuta, kijana wa shati lililopigwa pasi, anayependa kuitwa ingénieur. Akatoa diski ya kumbukumbu ya Muzee, akakuta faili zote nzima. Akaweka ile programu kwenye mashine mpya, akailazimisha mashine ijifanye ya zamani ili iikubali, kazi ambayo, lazima niseme ukweli, aliifanya vizuri. Programu ikafunguka. Kabla ya kuonyesha hata noti moja, ikaandika kwa Kifaransa kwamba muda wa kuitumia umekwisha, wasiliana na kampuni. Na ile kampuni ilishafunga milango zamani.

Arsène alijaribu programu nyingine mbili, hazikuweza kusoma zile faili. Akaanza kukunja nyaya zake.

"Mama, hii programme ilikufa," alisema. "Muda yake ilimalizika, iko miaka kumi na tisa sasa. Alors, tuache."

Hapo nilipandwa na hasira. Nilimuuliza, kama ilikufa miaka kumi na tisa iliyopita, mbona Papa Timothée aliitumia mpaka mwaka jana? Akasema labda ilikuwa bahati. Bahati! Mtu anajiita ingénieur halafu anajibu kama mcheza karata. Nilirudi ofisini nikaipiga meza makofi, na meza haikuwa na kosa.

Kesho yake asubuhi Mama Fanny aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi.

"Papa Hugues, unakumbuka barua ya Lionel?"

Niliikumbuka, na sikupenda kuikumbuka. Lionel ni mvuvi wa Yanonge. Miaka mitatu iliyopita aliniletea barua iliyochapwa kwa Mama Fanny, yenye tarehe moja Januari 2004. Niliikataa mbele ya watu, nikamwambia arudi na barua ya mwaka huu, na maskini akapoteza siku nzima ya kuvua. Tarehe ile ilijiweka yenyewe, na tangu siku hiyo Mama Fanny anaandika tarehe zote kwa mkono.

Sasa alikuwa amelala na jambo hilo, akaamka nalo limenyooka. Ndani ya Muzee kuna betri ndogo ya kushika saa, nayo ilikufa zamani. Kila umeme ulipokatika, Muzee alisahau siku, akarudi moja Januari 2004. Kila asubuhi alimuuliza mwenye mashine leo ni lini, na kila asubuhi Mama Fanny alibonyeza kitufe cha F1 ili anyamaze, kazi iendelee. Na umeme wetu unakatika kila siku ya Mungu. Kwa ile programu, basi, muda haukuwahi kufika.

"Siye tunatukana coupure ya umeme miaka yote," alisema, "kumbe njo ilikuwa inamulinda Muzee asizeeke."

Nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama niko mzima. Tukaenda mbio kibandani.

Alirudisha tarehe ya mashine mpya nyuma mpaka 2004. Kabla hajafungua programu, tarehe ikaruka, ikarudi leo. Akairudisha tena, ikaruka tena. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: mashine mpya ilikuwa inavuta saa kutoka mtandao wa simu ya Mama Fanny. Alizima simu, akaitia chini ya mto wa kiti, akaukalia. Kisha akarudisha tarehe mara ya tatu, akafungua.

Mistari ikatokea. Noti zikajipanga juu yake, sauti nne, na maneno chini. Mama Fanny alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nilinyoosha kidole nibonyeze mashine iupige wimbo, akanipiga mkono.

"Haiko mashine itamuimbia mama," alisema. "Ni siye."

Akachapa karatasi zote. Juu ya skrini akabandika kipande cha katoni: MUSIPE HII MASHINE INTERNET. Arsène alipita mchana, akaona, akaomba kwa adabu aonyeshwe ilivyofanyika. Mama Fanny alimwambia kuna watu watatu mbele yake, akae. Alikaa.

Tulifanya mazoezi siku nane. Besi ilikuwa ngumu, Papa Timothée hakutuhurumia. Jumamosi tukasimama uani kwa Mama Berthe, yeye amekaa mbele yetu, mweusi kutoka kichwa mpaka miguu, mikono mapajani. Ubeti wa kwanza aliinamisha kichwa. Wa pili hakutikisika. Wa tatu unasema hivi:

"Berthe, nikienda usivae nyeusi. Liputa yako ya maua iko ndani ya sanduku. Vaa ile, nikuone."

Sijui niliimbaje pale. Najua Mama Fanny alikuwa analia wazi wazi bila kupoteza noti.

Tulipomaliza, Mama Berthe aliinua uso.

"Mwaka muzima nimevaa hii," alisema polepole, "kumbe mwenyewe alikataza."

Na akacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu mazishi. Akainuka, akaingia ndani. Alipotoka, liputa, kitenge chake cha maua mekundu, ilikuwa mwilini, inanuka naftalini, na wanawake walipiga vigelegele mpaka majirani wakaja uzioni. Akatuamuru turudie. Tulirudia mara nne, na mara ya nne aliimba sauti ya kwanza pamoja nasi.